Doa Lako au Letu

Kabla Mtaa wa Aggrey haujaanza kupaza sauti
nateremsha shata nusu, nazima taa ya dukani,
nafuta kioo kwa kipande cha jezi
ya timu iliyoshuka daraja.
Vioo vya kompyuta vilivyotumika, maboksi kumi na mawili,
vingine bado vina vibandiko vya ofisi za watu wa mbali,
na Kweka anataka vyote viwe na bei ikifika saa nne.

Nyeupe kwanza.
Kioo kizima kimekuwa ungo wa mchele wa bibi,
nami nakiinamia kwa namna aliyonifunza:
usitafute jiwe. Tazama mchele,
jiwe litajitaja lenyewe.

Kuna kitu kona ya chini. Nakikwangua kwa ukucha.
Kinyesi cha nzi. Haya.

Nyeusi: hapa huonekana zile nukta zinazogoma kulala.
Leo zote zimelala.
Kijani, safi. Bluu, safi.
Kisha nyekundu, na hapo ndipo lilipo,
doa dogo kuliko mbegu ya ufuta,
karibu na katikati, kushoto kidogo.
Kioo kizima kinawaka, pikseli moja haiwaki.

"Andika safi," anasema Kweka, macho yake daftarini.
"Nani anunue kioo akae anatazama nyekundu tupu?"
Naandika. Nakata.
Naandika tena.

Wa kwanza kuinama chini ya shata ni Mzee Nandonde,
mchomelea mageti wa Tandika,
mikono imejaa vikovu vidogo vya moto.
Anamnunulia binti yake, Somoe, anayesomea kuchora majengo.
Namwashia nyekundu. Sisemi kitu.
Anafumba jicho la kulia. Anafumba la kushoto.
"Mwanangu," ananiuliza, "hilo doa ni langu au ni lenu?"

Miaka ishirini na saba ya cheche,
na miwani aliivaa akiwa ameshachelewa.
Tangu hapo ana kidoa kinachomfuata:
kwenye sima, kwenye ukuta wa msikiti,
kwenye uso wa mkewe, akimtazama sana.

"Geuza macho polepole, mzee, kichwa kikae.
Likikufuata ni lako.
Likibaki ni letu."

Kweka amesimamisha kalamu.
Nje guta linaomba njia, mtu anatangaza chaja
kwa kipaza sauti kinachokwama kwenye "buku tatu, buku ta—".
Mzee anatazama kushoto, mpaka kwenye mwanga wa shata,
kisha anarudi.
"Yapo mawili," anasema. "Moja linatembea, moja limebaki."

Basi namtajia hesabu: nukta milioni mbili,
elfu sabini na tatu, na mia sita.
Iliyotutoka ni moja.
"Msiba ni msiba," anasema. "Rambirambi yangu ngapi?"
Kweka anachekea puani, anataja elfu tano,
wanavutana, wanaapizana, wanafika kumi na tano,
nami naachiwa magazeti na kamba nifunge.

Mlangoni mzee anageuka.
"Somoe sitamwonyesha lilipo.
Ukishaonyeshwa, huoni kingine."

Yamebaki maboksi kumi na moja.
Sijafungua la pili.
Nautazama ukuta mtupu nyuma ya kaunta,
nageuza macho polepole,
kichwa kimekaa.