Volti Kumi

Gari ya Mbarouk ilipanda Mtambile
kama mgonjwa wa pumu,
moshi mweusi, magunia ya karafuu yakiivuta nyuma.
"Tabo imekufa," walimwambia mafundi wa Mkoani.
"Agiza nyengine."

Bikombo hakujibu.
Alifungua swichi, injini akaiacha ilale,
akagusisha mita kwenye plagi ya soleniodi.
Betrini kumi na mbili. Hapa mbili.
Kumi zimekwenda wapi?

Akaufuata waya kwa vidole,
taratibu, kama mtoto anayeendeleza herufi chuoni,
hadi chini ya trei ya betri.
Akauchuna. Shaba imekuwa unga wa kijani,
chumvi imeila ikabakisha ganda.

Alikata kipande, urefu wa kidole,
akamtilia Mbarouk mkononi:
"Kazike hiki. Tabo yako i hai."