Bega la Ami Ussi

Fidla yake ililiwa na mchwa.
Kimebaki kipande cha ulimbo ndani ya kibati cha peremende,
na mimi, Limbani, Wete, baada ya tarawehe,
na kompyuta yenye betri ya kuombea dua.

Kwenye skrini uzi ni wimbi lenye meno,
kama msumeno.
Naupunguza ukali, nautia mtetemo,
nauachia.
Unalia.
Dakika nne unalia, haumezi mate.

Nayajua ya upinde: nywele hushika uzi,
uzi huponyoka, hushikwa tena,
ugomvi na suluhu, ugomvi na suluhu,
mara mia nne na arubaini kwa sekunde.
Nikatega kipaza sauti uani, Bi Mize akisugua sufuria
kwa jivu na kumbi,
nikaupaka mkwaruzo ule juu ya wimbi.
Sauti ikashika ukoko.
Bado lakini.

Bi Mize akasimama mlangoni, mikono inamchuruzika.
"Nani huyo? Mkono wake hauna mwisho?"
"Mashine, Bi Mize."
"Ami yako akifika nchani lazima ageuze,
na akigeuza, bega lilikuwa likimlia: ka.
Mie nikilala nahesabu bega.
Hiyo nyimbo mwaijua nyinyi."

Nikalikata wimbi. Kila sekunde tatu, au tatu na kitu,
maana mzee hakuwa saa,
tundu jembamba; ndani yake
nikaweka kifundo cha kidole changu, kikilia.

Nikabonyeza.

Hakusema kitu.
Alivuta mbuzi ya nazi akaikalia, sufuria mapajani,
jivu likimkaukia vidoleni.