Picha Ishirini

Kazungu aliniambia: chagua ishirini.
Ishirini! Kwenye diski nina elfu kumi na moja,
mbali na zile negativu za marehemu baba
zilizogandana ndani ya kopo la biskuti
kama kaimati za jana.

Chumba chake kiko Bondeni, juu ya fundi cherehani.
Feni inazunguka kama inayodaiwa.
"Mgeni wa tovuti hana subira, Da Mwanasiti.
Hakai barazani kungoja kahawa.
Huchungulia mlangoni sekunde tatu,
asipoona cha kumvuta, huyo, keshapita.
Mpe picha moja, kubwa. Maneno baadaye."

Nikamwonyesha machweo ya Mama Ngina.
"Machweo kila mtu anayo, hata simu ya muuza mboga."
Nikamwonyesha zile pembe za barabara ya Moi.
"Hizo waachie wauza kadi."
Akapita, akapita, kidole hakitulii,
kikatulia kwa mchomeleaji wa Shimanzi:
cheche zimemwagika begani,
naye kafumba jicho moja
kama anayelikonyeza jua.
"Huyu ndiye mlango," akasema.

Mimi nilitaka usuli mweusi,
herufi za dhahabu zenye mikia na maua.
Kazungu alicheka mpaka akakohoa.
"Picha zako zimeshavaa.
Ukuta wa nini kujipamba?"

Tukapunguza. Mahafali yote yakaenda.
Watoto wa studio wakaenda,
akabaki yule aliyepigwa akipiga chafya.
Picha mbili zikifanana, moja humla mwenzake,
na mimi ndiye wa kusema ipi iliwe.
Saa nane usiku nilikuwa na thelathini na moja
na kichwa kinaniuma.

Kisha nikafungua faili lisilo na jina.

Usiku wa kupamba, Kibokoni.
Simu zote za wageni zimo ndooni, mlangoni,
na kamera iliyoruhusiwa kuvuka ni yangu peke yake.
Bi harusi anacheka na pengo lake,
hina imepanda mpaka viwiko,
bibi yake anamtia asumini kichwani
kwa mkono unaotetemeka,
na mtetemeko ule, sijui vipi,
umeingia pichani.
Sijapiga nyingine kama hiyo. Sidhani nitapiga.

Nikaugeuzia ukuta uso wa kompyuta.
Kazungu hakuambiwa. Aliinua macho, akaitazama feni.

"Tunaweza kuufifisha uso," alisema baadaye.
"Uso ukifutwa inabaki nguo," nikamjibu.
"Nguo ziko madukani."
"Lakini ndiyo kazi inayokulisha."
"Ndiyo."

Tukakaa. Fundi wa chini akaimaliza shati nzima.

Mwisho tukatengeneza ukurasa mtupu, mweupe,
na katikati mstari mmoja:
Harusi za kina mama hazionyeshwi hapa.
Chini yake namba ya simu, na si kwa herufi za chungu.

Tukaijaribu kwenye simu ya yule fundi,
kioo kimepasuka, bando linakata roho.
Mchomeleaji akashuka polepole:
kwanza moshi, kisha kipaji,
kisha lile jicho.
Fundi akautoa mguu kwenye pedali.
"Huyu namjua."
"Humjui."
"Basi kama namjua."

Jumanne ya pili simu ikalia.
Sauti ya mama mtu mzima, wa Mwembe Tanganyika.
"Nimeutazama ule ukurasa usio na kitu.
Nimeutazama sana.
Nina mabinti watatu, mwanangu. Shika kalamu."
Nikashika kalamu, nikaandika tarehe nyuma ya risiti ya stima.
Kisha akauliza bei.

Bei.
Siku tisa tulipima nafasi kati ya picha na picha,
upana wa kidole gumba, wembamba wa mstari,
na bei hatukuiweka popote.