Zamu ya Usiku, Kizota

Kwanza funga mlango. Upepo wa Agosti
hauna adabu: ukipenyeza ulimi tu
puto linayumba, na unene wa nailoni
unatembea kilevi,
huku karatasi ya sigara, huku ngozi ya ng'ombe.

Mimi Nyemo Mhembano, mashine namba tatu.
Chembe nazimwaga kwa gunia, nyeupe
kama uwele uliokobolewa
(kuku wa mlinzi alidonoa moja, akaitema).
Parafujo inazisokota gizani,
pipa limevaa mikanda ya moto,
nyuzi mia na tisini,
na kwenye pete ya chuma unachungulia uji
mzito, unaong'aa, usiojua utakuwa nini.

Hapo ni kazi ya mkono. Glavu mbili mbili.
Nashika pindo, nalifunga kamba, nalipandisha,
na Ndahani kule juu kwenye roli
analipokea akitukana kwa Kigogo, taratibu,
kama mkunga.

Nafungulia hewa.

Hombolo, siku za kuchinja,
tuligombea kibofu cha mbuzi,
tukakipuliza kwa mrija wa nyasi
hadi mishipa ikaonekana.
Hiki nacho ni kibofu, ila kina kimo cha ghorofa
na hakichoki kupanda.

Tazama pale, usawa wa kidevu changu:
kioo kinageuka maziwa.
Chini ya mstari ule ni kimiminika,
juu yake ni bidhaa.
Mstari ukipanda, nimekuwa na haraka.

Saa nane na robo umeme ukakatika.
Wageni hudhani puto hupasuka.
Halipasuki. Linakaa chini,
polepole, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.
Tukawasha tochi. Tukakwangua pete kwa shaba,
kimya, hadi adhana ya alfajiri,
tukaanza upya.

Jambo moja hawakunifundisha:
ile hewa haitoki.
Nailoni inapanda, inabanwa, inaviringwa,
inakwenda Mpunguzi kuwa viriba vya miche ya zabibu;
hewa inabaki palepale, ndani,
ile ile niliyoipuliza mara moja.
Ya jana ilikuwa na vumbi la jioni
na moshi wa chipsi za getini. Imepotea.
Hii ya leo ni ya saa kumi na moja,
ina baridi,
na humo ndani, nina hakika,
kimezunguka kikohozi cha Ndahani.