Mshahara wa Egno

Hoteli ya Mtwara ilipofungwa, wageni wa gesi wameshaondoka,
mpwa wangu Egno alilipwa mwezi wake wa mwisho
kwa chupa nne.
Alipanda nazo hadi Newala, kazifunga kwa fulana zake
zisigongane, kama mtu aliyebeba mayai ya kanga.

Siku tatu alizunguka nazo sokoni.
Mwenye duka la dawa aliuliza kama ni ya kifua.
Katekista aliinusa, akasema ya kanisani ni tamu zaidi.
Siku ya nne nikamwambia: mwanangu,
kisichonunulika hunywewa na mwenyewe. Lete vikombe.

Kizibuo hatukuwa nacho.
Tulisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko,
kikaelea humo kama chura kisimani.

Ya kwanza nyeupe. Egno akasimama wima,
kitambaa mkononi, sauti ya kazini:
"Hii, mjomba, huenda na samaki."
Samaki tuliyekuwa naye ni dagaa, wa kukaanga, wa pilipili.
Nikanywa. Nikala. Nikanywa tena.
Ilikuwa kama kung'ata ndimu
huku mtu anakupa habari njema.
Gaudensia, mke wangu, akafungua daftari la korosho,
ukurasa unaofuata madeni ya salfa, akaandika:
*Ya kwanza: ndimu. Dagaa wameridhika.*

Tukasuuza vikombe kwa maji robo kikombe,
yale yale, toka cha kwanza hadi cha mwisho.
Newala divai yaweza kuja bure.
Maji, hapana.

Ya pili nyekundu. "Hii ni ya nyama," Egno akasema.
Nyama, nikamjibu, iko Masasi. Hapa kuna kisamvu.
Tukanywa, na mashavu yakaingia ndani,
ulimi ukakauka ukawa jamvi.
Egno akanyoosha kidole juu: wageni walikuwa na neno lake,
alilisikia kila usiku, mezani, miaka miwili...
alilitafuta, likampotea.
"Ukakasi," Gaudensia akasema,
hata kichwa hakuinua.

Ukakasi!
Mdomo wangu ulikuwa na neno hilo kabla haujawa na meno.
Bibo la Novemba, limeanguka usiku, lina mchanga,
unalinyonya ukielekea shule na shati linapata doa
ambalo hakuna sabuni iliyowahi kulibembeleza likatoka.
Mama ameinamia mtumbwi wa kukamulia,
viwiko vinang'aa, nyuki wanamzunguka hawamuumi,
na uraka unadondoka, unadondoka.
Kumbe hatukuwa wageni wa kitu hiki.
Ni kwamba kilikuwa hakijatujia
kimevaa viatu.

Nikachota kisamvu, kile kilichopikwa kwa tui la korosho.
Tui likaushika ukakasi mkono, likaukalisha kitako.
*Ya pili: bibo,* akaandika. *Korosho imemtambua nduguye.*

Ya tatu tamu. Ming'oko, chumvi, pilipili.
Nilicheka peke yangu, sijui kwa nini.
Naye ameandika hivyo hivyo: *Ya tatu: mume amecheka.*

Ya nne ilikuwa siki.
Egno alionja, akaweka kikombe chini polepole,
kitambaa kikashuka kutoka mkononi.
"Hii ndiyo wiki ya nne, mjomba.
Wiki ile nililala jikoni,
nikilinda majokofu yasiyo na umeme."

Upepo wa Newala ulipita chini ya mlango.
Sikuwa na la kusema. Mimi ni karani wa mizani mstaafu,
najua kupima kilichomo guniani,
si kile mtu alichopunjwa.

Gaudensia ndiye aliyeinuka.
Akakata vitunguu, nyanya, tango moja lililosinyaa,
akamimina wiki ya nne juu yake, yote,
akasukuma bakuli mbele ya kijana.
"Kula. Jasho lako hilo."
Tulikula hadi maji ya mwisho, tukayafuta kwa ugali.

Asubuhi nililifungua daftari nione kaandika nini.
Kuhusu ladha, hakuna.
Alikuwa amerudi ukurasa mmoja nyuma, kwenye madeni,
na chini ya salfa, kwa kalamu nyekundu:
*Hoteli. Wiki moja. Bado.*