Mhojiwa wa Kumi na Nne

Nilikuwa karani wa mizani, ghala la kahawa, Moshi mjini,
miaka thelathini na mmoja nikisoma mshale usiotulia.
Sikuiba hata kilo.
Kwa hiyo haya nayaandika nilivyozoea:
tarehe, jina, uzito.

Kila Februari wanapanda kuja Kibosho,
vijana wa uzamili, sosholojia,
barua zao ndani ya bahasha za kaki.
Nawaketisha chini ya picha yake,
Ndeshukurwa na joho lake, kofia imelalia sikio,
anacheka na mtu asiyeonekana pichani.
Mfuko unaitwa kwa jina lake lote.
Siku ya kufungua akaunti binti wa dirishani aliuliza,
"Ni kampuni?"
Nikasema, ni mwanangu.

Wa kwanza alikuwa Elifuraha wa Machame.
Alikaa na wapagazi wa mlimani msimu mzima
akaandika: *begi la mgeni hupimwa langoni, goti la mbebaji halipimwi.*
Karani yeyote angeipenda sentensi hiyo.
Wa pili, Tumsifu, alikula ada akanunua pikipiki.
Nilimkuta stendi mwaka uliofuata, akajifanya anafunga kamba za viatu.
Alikuwa amevaa kandambili.
Jina lake limo daftarini bado. Gunia likishapimwa
limepimwa, hata kama ndani kulikuwa na mawe.

Wa tatu, Nasieku, wa Longido,
alifuata wauza maziwa wa soko la Kwa Sadala
alfajiri hadi alfajiri.
Huyo ndiye aliyeniuliza, akipuliza chai,
"Baba, kazi yake umeisoma?"
Nikasema macho yangu siku hizi.
Akarudi Pasaka na nakala kutoka maktaba ya chuo,
karatasi bado zina joto la mashine, au mikono yake.

Ukurasa wa themanini na tatu.
*Mhojiwa Na. 14. Mwanamume, miaka 58, karani wa ghala.*
*Swali: Kihamba chako utamwachia nani?*
*Jibu: Kaka yako, nani tena? Msichana ni mgeni.*
*Mgeni hapandi mgomba.*
*(Mhojiwa anacheka.)*

Nikakumbuka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama yake,
kalamu mkononi, nami nikadhani
anafanya mazoezi ya shule.
Hakubishana. Aliandika.
Hata kicheko alikiandika, akakifungia kwenye mabano
kama kuku anayesubiri mnunuzi.

Ghalani tulikuwa tunatoa uzito wa gunia tupu
kabla ya kuandika uzito wa kahawa.
Kicheko kile nimekiweka kwenye mizani usiku mwingi.
Sijajua gunia ni kiasi gani, kahawa ni kiasi gani.

Ugonjwa ulimchukua kwa wiki nne, Novemba.
Hakuwa ameolewa, tukamleta nyumbani,
tukamlaza nyuma ya nyumba, kati ya migomba.
Futi sita kwa tatu.
Hicho ndicho kihamba nilichompa.

Maparachichi ya upande ule, kuanzia kaburini hadi kwenye mfongo,
ndiyo yanayolipa ada. Aikaeli alipiga simu kutoka Dar:
"Baba, unagawia wageni urithi wangu."
Neno lile lile. Kumbe alilipata kwangu.
Nikamuuliza watoto hawajambo, akasema hawajambo.

Mwaka huu amekuja Nakijwa, wa Same, mwembamba, ana kikohozi.
Amemaliza chai, ametoa dodoso,
ameomba ruhusa kama walivyofundishwa.
Maswali ya idadi ya vyumba. Maswali ya maji.
Halafu, bila kuinua macho,
"Na kihamba, Mzee, utamwachia nani?"

Nikajibu. Nilijibu kwa kirefu,
nikataja mipaka, nikataja mti kwa mti,
nikamwambia: andika na hili, kwenye mabano,
mhojiwa hakucheka.

Akatazama kinasa sauti, akakitikisa.
Betri ilikuwa imekufa tangu vyumba.
"Samahani, Mzee. Unaweza kurudia?"

Nikavuta kiti karibu.
Nikaanza na mpaka wa mashariki.