Saa Thelathini na Sita

Mwaka wa kwanza hatukujua kitu.
Tulikoboa buni mbivu na mbichi pamoja,
tukaanika chini, kuku wakapita.
Mnunuzi kutoka Mbale akanusa konzi moja,
akairudisha guniani, akaondoka bila kuaga.

Khainza, karani wetu, akachukua daftari
la kaka yake aliyeacha shule,
kurasa za mwanzo zimejaa hesabu za kuzidisha,
akaandika: Gunia arobaini. Harufu ya udongo. Kosa letu.
Mugide akanuna: "Aibu haiwekewi kumbukumbu, mama."
Khainza akalamba ncha ya penseli,
akatia nukta.

Misimu ikapita, daftari likanenepa.
Siku turubai liliporuka na upepo wa mlimani.
Nani alilala zamu yake.
Na saa za kuchachusha: thelathini na sita,
zimepigiwa mstari mara mbili.

Tukawa watu wa kujua.
Ukiuliza, ukurasa unakujibu;
ukibisha, unaonyeshwa mstari.
Hakuna aliyekumbuka kuwa zamani hapa Budadiri
tulikunywa uji tumejitanda blanketi hadi saa nne,
kwamba saa zile zilikuwa za baridi ile.

Nambozo alikuwa na wiki mbili tu kazini
alipotumbukiza mkono tenkini hadi kiwiko.
"Imeiva. Sikilizeni, inakwaruza kama mchanga wa mtoni."
Tukacheka. Bado saa tisa. Daftari limesema.

Asubuhi kituo kizima kilinuka siki.

Mkutano ule hatukupanga viti.
Tulikalia magunia yenyewe, yale ya hasara,
na kimya kikarefuka kama foleni ya mizani,
mpaka Mugide, yule yule, akakohoa:
"Mimi ndiye niliyemwondoa msichana pale tenkini.
Andika. Na jina langu uliweke."

Khainza hakuifuta thelathini na sita.
Pembeni, kwa herufi ndogo, akaweka:
Mwaka ule kulikuwa na baridi. Muulizeni Nambozo.
Kisha akamsogezea Nambozo penseli,
naye akaipokea kwa mkono
ambao bado ulikuwa na utelezi wa buni,
na karatasi ikapata doa,
doa ambalo hadi leo tunawaonyesha wafanyakazi wapya
kabla hatujawaonyesha maandishi.